Historia Ishikike: Kwa Mwalimu Mpya wa Darasa la Tatu Huku Kusini

Mwalimu mwenzangu, umeripoti kituo chako, iwe Ruangwa, Nachingwea, Newala au Kilwa, na mwalimu wa taaluma amekukabidhi vipindi vya Historia ya Tanzania na Maadili, darasa la tatu. Nakuomba usianze na tarehe. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, miaka hamsini na miaka mia tano ni mamoja, yote ni "zamani", na bibi yake anaweza kuwa aliishi na masultani wa Kilwa. Anza na kitu anachokishika mkononi, akigeuze, akinuse. Kisha mwulize: hiki kilikuwa cha kufanyia nini, na umejuaje? Swali hilo la pili ulirudie mpaka watoto walizoee.

Vitu havikosekani. Waambie waulize nyumbani kama kuna koroboi, pasi ya mkaa, kibuyu, redio iliyokufa, picha ya harusi ya babu. Mimi napenda sarafu kuliko vyote. Nyumba nyingi bado zina kopo lenye senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura au ile shilingi ya mkono ulioshika mwenge. Ukibahatika utapata senti kumi ya enzi za Mwingereza, yenye tundu katikati. Usieleze kitu. Gawa darasa makundi ya watoto sita sita, kila kundi lipate sarafu tatu, wazipange kuanzia ya zamani zaidi na watoe sababu. Mmoja atasema hii imechakaa, basi ndiyo kongwe. Mwenzake atakataa, pengine ilikaa mchangani. Waache wabishane. Darasa lenye watoto themanini litapiga kelele, kwa hiyo mwarifu mapema mwalimu wa chumba cha pili.

Toka kwenye sarafu hizo uende Kilwa. Masultani wa Kilwa Kisiwani walikuwa na sarafu zao za shaba, jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili ziliwekwa vina. Tano za namna hiyo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanajadiliana zilifikaje huko. Tafuta udongo wa mfinyanzi. Kila mtoto afinyange sarafu yake, upande mmoja aandike jina lake kwa kijiti, upande wa pili maneno mawili matatu yenye kina kimoja na jina hilo. Watoto wetu wamekulia kwenye ngoma na nyimbo, vina havitawasumbua. Sarafu zianikwe kivulini, juani zitapasuka. Zikikauka zichanganye kwenye ndoo, kila kundi lichote chache za wenzao na kueleza: aliyetengeneza hii ni nani, alipenda nini, tumejuaje? Sijapata zoezi jingine la bei hiyo, maana halina gharama, linalomwonyesha mtoto kwamba watu wa kale walikuwa watu kama yeye.

Baada ya hapo ndipo ulete wakati, na uulete kwa miguu. Toka nao uwanjani, hatua moja iwe miaka 10. Mtoto mwenyewe hajamaliza hatua ya kwanza! Uhuru wa mwaka 1961 uko hatua sita na nusu. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 viko hatua kumi na mbili. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, hatua karibu sabini, na kwenye shule nyingi hapo mtakuwa mmeshaingia kwenye mikorosho ya jirani. Weka jiwe au kijiti kila mahali mliposimama na uviache wiki nzima, wapite wakicheza.

Kisha wasimulie Tendaguru, kilima cha huku huku Lindi. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa pale na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 ina umri wa miaka kama milioni 150. Kwa hatua zetu za miaka kumi kumi ni hatua milioni 15, na hatua ya mtoto ikiwa nusu mita, hiyo ni safari ya kilomita 7,500. Ukianzia Lindi unafika Berlin, na ndiko mifupa yenyewe iliko. Mmoja kati ya dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la huko, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini hadi kichwani. Chora mstari wa majivu uwanjani, watoto walale wakifuatana, kichwa kwenye nyayo za mwenzake. Watahitajika kumi au kumi na mmoja. Na usiwasahau waliochimba. Walikuwa mamia ya watu wa huku, waliobeba mifupa kwa miguu hadi bandarini Lindi, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Watoto wetu wanastahili kulijua jina hilo kabla ya majina ya Wajerumani.

Safari za magofu zifanyeni kiangazi, kabla korosho hazijaanza kuanguka na barabara hazijaharibika. Kwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kibali mnakipata Kilwa Masoko, na msivuke bila jaketi za kuokolea za saizi ya watoto. Vigae vya vyungu vimetapakaa pale. Mtoto aokote, atazame, achore, arudishe palepale. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981 na sheria ya mambo ya kale inalilinda. Kama nauli haipo, Mikindani ina nyumba za mawe za kutosha, na kijijini kwako lazima kuna kisima au msikiti wenye umri mkubwa kuliko wazee wote.

Kuna jambo moja ambalo nakusihi kwa dhati. Kilwa Kivinje na pwani yetu yote ilipitisha watumwa, na somo litafika huko. Usiigize mnada. Usimfunge mtoto kamba hata kwa mchezo. Bado kuna familia zinazonyamaza kuhusu asili yao kwa sababu hiyo, na watoto wakitoka darasani wakiitana majina, wewe ndiye utakuwa umewafundisha. Sema ukweli kwa maneno machache, onyesha ramani ya njia, jibu maswali watakayouliza. Maji Maji nayo usiianzie kwenye risasi. Lete mche wa pamba, waulize kama ungelazimishwa kuilima badala ya mtama wa nyumbani, nani angekula nini? Kisha wasimulie namna pamba hiyo ilivyong'olewa katika milima ya Wamatumbi, Julai 1905.

Wazee ndio maktaba yako, lakini uwaendee kwa adabu. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mwandalie mzee kiti chenye egemeo na maji, watoto wamwamkie wote pamoja. Maswali yawe madogo: Babu, shikamoo, ulivaa nini ulipokwenda shule? Bibi, kabla daraja la Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar masika ilikuwaje? Maeneo ya Mtwara hadi Nachingwea, uliza juu ya reli ya karanga, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa kulima karanga na kung'olewa miaka ya 1960. Alika wazee wawili kama inawezekana. Mara nyingi hawatakubaliana reli ilipita upande gani wa kijiji. Usiwapatanishe. Andika maelezo yote mawili ubaoni, na kipindi kinachofuata watoto watoke wakatafute tuta la reli.

Vitu mlivyoazima viandike kwenye daftari, jina la kitu, la mwenye kitu na siku kilipoingia, na virudi nyumbani wiki hiyohiyo. Kopo la sarafu likipotea shuleni, mwakani hakuna mzazi atakayekupa lingine.