Usimkalishe mtoto anayeuliza kuhusu mtungi

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 19. Kwa miaka kama kumi ya mwanzo nilidhani mwenye akili namtambua nikimwona tu. Ni yule ambaye mkono uko juu kabla sijamaliza kuuliza, daftari safi, hashuki chini ya nafasi ya tano. Kipanga. Siku ya matokeo wazazi walinijia na swali lilelile: "Madamu, mwanangu ana kichwa au hana?" Nami nikafunua orodha, nikajibu kwa kusoma namba.

Kisha nikapata kijana mmoja wa kidato cha pili, wa 41 kati ya 63. Kiingereza kilimtesa kama kinavyowatesa wengi waliotoka shule za msingi za kijijini. Siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya uvukizaji, na mimi nikatoa mfano wa mtungi: maji hupenya kwenye udongo, yanageuka mvuke kwa nje, yanaondoka na joto. Akasimama. Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili: "Madamu, mbona masika maji ya mtungi wa bibi hayapoi kama kiangazi?"

Darasa likaangua kicheko, kwa kile Kiingereza kilichokatikia njiani na kwa huyo bibi aliyeingizwa kwenye fizikia. Nikamwambia, "Hilo halimo kwenye mtihani. Kaa chini." Akakaa. Muhula mzima hakuuliza tena.

Masika yale yale, usiku mmoja nyumbani, nilichota maji kwenye mtungi wangu kwa kata, nikanywa. Yalikuwa vuguvugu. Nikabaki nimeshika kata mkononi. Nilikuwa nimefundisha uvukizaji mwaka baada ya mwaka, na mtungi umekaa jikoni kwangu miaka yote hiyo, lakini jambo ambalo mtoto wa 41 aliliona mimi sikuwahi kujiuliza. Masika hewa imeshiba unyevu, kwa hiyo jasho la mtungi halikauki, na lisipokauka haliondoki na joto. Jibu lilikuwa kwenye somo langu mwenyewe. Swali ndilo sikuwa nalo.

Ndipo nikamkumbuka Erasto Mpemba, ambaye habari yake niliwahi kuwasimulia wanafunzi kwa kujisifu kwamba ni Mtanzania mwenzetu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanga, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Kawaida maziwa huchemshwa, yakapoa, ndipo yakaingia kwenye friji. Nafasi ikawa inaisha, yeye akaharakisha yake ndani yakiwa ya moto. Yake yakatangulia kuganda. Alipomuuliza mwalimu imekuwaje ya moto yawahi kuganda, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili uwahi kuganda. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya utani. Yeye akaingia maabara akapima mwenyewe kwa maji. Na alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lilelile.

Osborne hakumkalisha. Alimwuliza kama amewahi kujaribu, akaahidi kwenda kujaribu na yeye. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo katika jarida la Physics Education, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Wanasayansi bado wanabishana hutokea lini na kwa nini, wengine hata kama hutokea kweli. Kwangu ubishi huo haumpunguzii kitu. Kijana aliona kitu kwa macho yake, akachekwa, akakishikilia kwa miaka.

Hicho ndicho ninachokiita kipaji cha kipekee sasa: kushindwa kulipita jambo ambalo wengine wote wamelizoea. Neno letu "kipawa" hutuponza kidogo, maana limetokana na kupawa, na mara moja tunaanza kupekua nani kapewa na nani kanyimwa. Marekani walijaribu kupekua kwa vipimo. Mwaka 1921 Lewis Terman alianza kukusanya watoto wa California wenye alama za juu kabisa za akili, takriban 1,500, akawafuatilia utu uzima wao. Wengi walifanya vizuri maishani. Lakini William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa wadogo, hawakufikisha alama, wakaachwa nje. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez 1968. Kati ya wale waliochaguliwa, hakuna aliyeipata.

Nilimwita kijana wangu. "Shikamoo madamu." "Marahaba. Lile swali la mtungi bado unalo?" Akaniangalia kwanza, kama anayepima iwapo ni mtego. Kisha akafunguka. Kwa bibi yake kulikuwa na mitungi miwili, mmoja ulipakwa rangi ya mafuta na mjomba ili upendeze. "Ule wa rangi hautoi jasho, madamu, na maji yake hayapoi hata kiangazi." Alikuwa ameweka alama za mkaa ndani ya mitungi yote miwili kuona upi maji yanapungua. Yote hayo alikuwa ameyafanya baada ya mimi kumkalisha.

Kiangazi kilipofika tuliweka mitungi miwili kwenye baraza ya maabara, mmoja tukaupaka rangi iliyobaki baada ya kupaka milango. Mchana mmoja hewa ilikuwa nyuzi 31, mtungi wa rangi 30, mtungi usiopakwa rangi 24. Aliandika namba hizo kila siku kwa wiki tatu, kwa kalamu ya risasi iliyobaki kipande. Mahudhurio yake hayakuwahi kuwa kamili kama wiki zile.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu mwenzangu, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie "twende tukaangalie", na mwende kweli, siku hiyohiyo ikiwezekana. Mwache aulize kwa lugha anayoifikiria. Kiingereza cha mtihani atakipata baadaye, lakini swali likifia mdomoni halirudi. Maswali mengi hayatafika popote, na jedwali la kuzidisha bado lazima alijue. Mpemba asingefika mbali bila kujua kupima.

Na vipanga je? Hao nawahurumia kuliko zamani. Niliwahi kuwa na binti aliyeongoza darasa miaka minne, nasi walimu tukamwita jiniasi mbele ya gwaride. Siku anaaga aliniambia hakuthubutu kuuliza swali hata moja, maana jiniasi akiuliza watu watajua kwamba hajui. Sijawahi tena kumwita mtoto hivyo. Namsifia alichokiona, au alichokirudia mara tatu hadi kikakaa.

Kijana wa mtungi hakupata matokeo ya kutangazwa. Alikwenda chuo cha ufundi, sasa anatengeneza mafriji. Mwezi uliopita alinipigia: friji ya muuza samaki mmoja inajenga barafu upande mmoja tu, na mafundi wenzake wanasema ndivyo zilivyo hizo. Nikamuuliza kama ameshapima joto pande zote mbili. Akasema ndiyo, mara sita, na muuza samaki ameanza kumchoka.