Fomu ya kupakia faili: pa kuanzia kwa fundi mpya wa tovuti

Ukikabidhiwa tovuti ya nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, na ni ya WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti), angalia kama ina fomu ya mgeni kupakia nakala ya pasipoti. Anza na fomu hiyo. Picha za magofu ya Kaole zitasubiri.

Faili baya likikaa tu kwenye seva halifanyi kitu. Balaa huanza seva inapolitekeleza: mtu anapakia faili la PHP (lugha ya programu inayoendesha WordPress), anafungua anwani yake kwenye kivinjari, anasoma wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress), anaondoka na nywila ya hifadhidata.

Fomu nyingi huamini Content-Type (maelezo ya aina ya faili yanayotumwa pamoja nalo), ilhali hiyo huandikwa na anayepakia mwenyewe. Ataandika image/jpeg, nani amzuie? Kukataza .php pekee nako hakutoshi, maana Apache (programu ya seva ya tovuti) iliyosanidiwa vibaya hutekeleza hata risiti.php.jpg. Taja vinavyoruhusiwa tu: jpg, png, pdf. SVG (aina ya picha iliyoandikwa kwa maandishi) iache nje, hubeba JavaScript, yaani programu inayotekelezwa na kivinjari.

Kisha zuia utekelezaji. Ndani ya wp-content/uploads, folda ya vinavyopakiwa, weka .htaccess (faili la maagizo kwa Apache) yenye:

<FilesMatch "(?i)\.(php\d*|phtml|phar)(\.|$)">
Require all denied
</FilesMatch>

Hiyo ni ya Apache 2.4. Nginx, programu nyingine ya seva, haisomi .htaccess kabisa, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Huko kanuni huandikwa kwenye usanidi wa seva, kabla ya ile inayoshughulikia PHP. Usikisie. Weka jaribu.php ndani ya uploads kwa FTP (njia ya kutuma mafaili kwenye seva), ndani yake <?php echo 7*7; ?> halafu ulifungue kwenye kivinjari. Ukiona 49, pako wazi. Unachotaka ni 403, jibu la seva kuwa imekataa. Ukimaliza, lifute.

Plagini (programu za nyongeza za WordPress) ni habari nyingine. Septemba 2020 plagini ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa ikimruhusu yeyote kupakia faili bila kuingia, toleo 6.9 ndilo lililoziba. Mafaili ya wavamizi yalitua kwenye folda ya plagini yenyewe, kwa hiyo .htaccess ya uploads isingefua dafu. Plagini usiyoitumia ifute kabisa, kwani kuizima tu huyaacha mafaili yake palepale.

Nakala za pasipoti zisikae uploads hata siku moja, anayebahatisha anwani atazisoma. Zihifadhi nje ya public_html (folda inayoonekana mtandaoni) kwa majina ya nasibu yasiyokisika, na mkubaliane na mwenye nyumba zifutwe lini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye pia.