Jibu: Tochi ya kichwani kwa kambi ya Msimbati

Mkuu, umeuliza kama ile tochi ya kichwani iliyoandikwa lumeni 10,000 inafaa kwa siku tatu Msimbati, ufukweni kule Mtwara. Iache. Kambini lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 200 hadi 300 zinatosha kabisa. Kupikia, hata 30 ni nyingi.

Kagua betri kwanza. Chukua inayotumia 18650 ya kuchomoka, yaani betri ya lithiamu ya kuchaji, ubebe na ya akiba. Ikiandikwa mAh (kipimo cha chaji inayobeba) 9900 ujue ni feki: 18650 halisi nyingi huishia kama 3600, na feki mara nyingi ni nyepesi mkononi.

Pwani adui ni chumvi. Angalia alama ya IPX, kiwango cha kuzuia maji: IPX4 inahimili manyunyu tu. Kama utatembea mwambani usiku maji yakikupwa, tafuta IPX7, inayovumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ukirudi, isuuze kwa maji ya bomba, ikauke vizuri, ndipo ufungue kifuniko cha betri uitazame springi yake. Ukiona kutu ya kijani, ifute kwa kitambaa chenye siki kidogo, maana hapo ndipo taa huanza kupepesa.

Iwe na taa nyekundu pia, macho yasipoteze uzoefu wa giza. Ila ukikuta kasa anapanda kutaga, tafadhali zima zote.