Siku moja Port of Spain na rafiki: anzeni na doubles

Dada, umeuliza wewe na shoga yako muanzie wapi, maana mna siku moja tu Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, visiwa vya Karibi. Anzeni barabarani, asubuhi, kabla hamjanywa chai hotelini. Tafuteni muuza doubles: vimikate viwili laini vya kukaanga, vya manjano kwa bizari, katikati dengu zenye rojo. Atawauliza pilipili. Semeni "slight", yaani kidogo. Ya kwao ni kali kweli. Chakula hicho kimetokana na Wahindi walioanza kuletwa Trinidad mwaka 1845 kufanya kazi mashambani.

Halafu nendeni Queen's Park Savannah, uwanja mkubwa wa wazi wa mji. Upande wa magharibi yapo majumba saba ya zamani, yatazameni kwa nje mkipita. Kituo chenyewe ni madafu! Muuzaji anakata kwa panga; mkimaliza maji mrudishieni alipasue, awachongee kijiko cha ganda mle nyama.

Kama mtafika Januari au Februari, kabla ya Kanivali, sherehe yao kubwa ya mitaani, jioni msikae chumbani. Ulizeni "panyard", yaani uwanja wa mazoezi wa bendi, iliyo karibu, mkasikilize mazoezi ya ngoma za chuma, chombo kilichozaliwa humohumo Trinidad. Kurudi usiku, chukueni teksi mliyoitiwa na hoteli.