Sauti imekauka, na kazi yako ni kuita wateja

Dada, umesema unauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, sauti imekauka siku ya nne, na unauliza kama ununue antibiotiki. Mimi singenunua. Mara nyingi kikoromeo, yaani sehemu ya koo inayotoa sauti, huvimba kwa virusi vya mafua, na antibiotiki haziui virusi.

Dawa kubwa ni kunyamaza. Wala usinong'one, nilipokuwa nikifundisha nilinong'ona wiki nzima nikidhani napumzisha koo, kumbe nilikuwa naikaza sauti zaidi. Andika bei, tuseme "50", kwenye kipande cha katoni, ukichomeke juu ya rundo la nguo, jirani wa kibanda akuitie watu. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa, kaa mbali na moshi. Chai ya tangawizi na asali inatuliza tu, lakini ni tamu, kunywa.

Kwa kawaida sauti hurudi ndani ya wiki 1 au 2. Zikipita 3 ungali unakwaruza, nenda ukaangaliwe koo, hasa ukiwa mvutaji sigara. Ukikohoa damu, ukihisi uvimbe shingoni au ukishindwa kumeza, usingoje. Na pumzi ikianza kutoa mluzi au kukwama, ingia kitengo cha dharura, hata saa nane usiku.