Maswali na Majibu: Karavani Yetu Haipoi Hata Usiku, Tununue Kiyoyozi Kikubwa Zaidi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Familia yetu ya watu watano husafiri kila likizo ya majira ya joto na karavani ya kukokotwa na gari. Mchana tunafunga madirisha na kushusha mapazia ili joto lisiingie, na tumenunua kiyoyozi cha kuhamishika chenye bomba moja la kutolea hewa. Hata hivyo, hadi usiku wa manane ndani hakukaliki. Mtoto anayelala kitanda cha juu huamka ameloa jasho, friji haipozi vizuri, na umeme wa kambini hukatika mara kwa mara. Tunakosea wapi, na je, tununue kiyoyozi kikubwa zaidi?

JIBU: Salaam, ndugu msomaji. Kwa maelezo uliyoyatoa, siwashauri mnunue kiyoyozi kingine kabla hamjalizuia jua nje ya karavani, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto mnalopambana nalo usiku huingia kupitia paa na madirisha mchana kutwa.

Kufunga madirisha mchana ni desturi inayofaa nyumba yenye kuta nene za mawe au matofali, ambazo huuhifadhi ubaridi wa usiku kwa saa nyingi. Ukuta wa karavani kwa kawaida ni bati jembamba au plastiki ngumu, povu la kuzuia joto lenye unene wa sentimita chache, na ubao mwepesi kwa ndani. Hauna uzito wa kuhifadhi ubaridi wowote. Ukiifunga karavani juani, joto la ndani hupita lile la nje, kisha magodoro, matandiko na vitu vilivyomo makabatini hulishika joto hilo na kulirudisha chumbani polepole baada ya jua kuzama. Pazia la ndani nalo husaidia kidogo tu, kwa sababu mwanga wa jua unapokuwa umekwisha kupenya dirishani na kukipasha kitambaa, joto lake tayari limo ndani pamoja nanyi.

Chukueni mfano wa dirisha la paa lenye ukubwa wa sentimita 50 kwa 70. Jua la utosini siku isiyo na mawingu humwaga takriban wati 1000 kwa kila mita mraba, hivyo dirisha hilo peke yake hupokea karibu wati 350, sawa na hita ndogo iliyowashwa juu ya vichwa vyenu. Lifunikeni kwa nje, na madirisha yanayopigwa na jua yawekeeni vifuniko vyenye uso wa kung'aa, navyo pia kwa nje. Kama mnaweza kutandaza turubai la rangi nyepesi juu ya paa lote na kuacha nafasi ya sentimita kadhaa ili hewa ipite kati yake na paa, fanyeni hivyo. Kwa maoni yangu hakuna matumizi bora zaidi ya fedha zenu. Hakikisheni tu kwamba limefungwa imara, na literemsheni upepo unapoanza kuvuma kwa nguvu.

Mnapofika kambini, chagueni mahali kwa kufikiria kivuli cha alasiri, si kile mnachokiona saa ya kufika. Jua la alasiri hushuka upande wa magharibi na kupiga kuta na madirisha moja kwa moja, wakati hewa ya nje nayo imefikia kilele cha joto. Elekezeni magharibi upande mfupi usio na kioo kikubwa. Isipowezekana, wekeni upande wa magharibi hema la ubavuni na kuliteremshia pazia, kwa maana jua lililoinama hupita chini ya paa la hema bila shida. Pande nyingine za hema ziacheni wazi, la sivyo hewa moto itajikusanya mlangoni na kuingia ndani.

Hewa ya moto hupanda juu, nayo ndiyo inayomtesa mtoto wenu wa kitanda cha juu. Kiyoyozi kinapokuwa kimezimwa, fungueni dirisha la chini upande wa kivuli pamoja na tundu la paa, huku kifuniko chake cha jua kikiinuliwa kiasi cha kupitisha hewa. Feni ya volti 12 iliyowekwa kwenye tundu hilo ielekezwe kutoa hewa nje. Feni ya wati 18 huchukua ampea 1.5, yaani ampea-saa 12 kwa usiku wa saa 8, kiasi ambacho betri nzuri ya karavani hukimudu. Jua likizama, fungueni makabati na kusimamisha magodoro kwa muda ili joto lililojificha humo litoke, na katika usiku mkali wa joto mlazeni mtoto huyo chini.

Tatizo la kiyoyozi chenu limo katika hilo bomba moja. Mashine huvuta hewa ya chumbani, huipasha na kuitupa nje, na hewa ya kuijazia nafasi yake haina budi kuingia kutoka nje ikiwa na joto lake lote. Katika karavani huwezi kuyaziba matundu ya kudumu ya sakafuni na paani, wala usijaribu, kwani yamewekwa ili gesi ikivuja au moshi ukijikusanya upate pa kutokea. Kiyoyozi cha paani, au cha mabomba mawili, hakina kasoro hiyo. Mkiendelea na hicho mlicho nacho, kiwasheni asubuhi kabla joto halijazidi, na hapo ndipo madirisha yafungwe.

Kuhusu umeme kukatika, ulizeni kambi inawapa ampea ngapi. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1380 tu. Kiyoyozi kinachotumia wati 1000 hakiachi nafasi ya birika la wati 2000, na kiyoyozi kikubwa zaidi kingewaongezea usumbufu. Waya wa umeme ukunjueni wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa kuwa uliokunjwa hupata moto na unaweza kuyeyuka.

Friji nyingi za karavani hutumia joto kuendesha upoaji wake, na hutegemea matundu yaliyo ukutani nyuma yake kutoa joto hilo. Upande huo ukipigwa na jua, au karavani isipokaa sawasawa, friji hudhoofika. Ikiwa inaendeshwa kwa gesi, matundu hayo yasielekee ndani ya hema lililofungwa.

Pikieni nje. Feni huwaburudisha watu kwa kukausha jasho, haipozi hewa, na joto likifika nyuzi 40 za Selsiasi huanza kuupasha mwili badala ya kuupoza. Siku kama hiyo, au ikiwa ndani kunazidi joto la nje, watoto wakae nje kivulini wakinywa maji mara kwa mara, na asiachwe hata mmoja ndani ya karavani iliyofungwa, hata akiwa amelala.