Misheni ya Uingereza na subira: jibu kwa wanaoniuliza nyumbani

Vijana wa tawi letu huko Kitale, pamoja na mjomba wangu ambaye si muumini wa kanisa letu, wameniuliza kwa maneno tofauti jambo lilelile: je, kutumwa Uingereza kama mmisionari ni bahati ya kufika Ulaya, na kama ni bahati, mbona sijatuma chochote nyumbani?

Nianze na mjomba, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho halipwi mshahara. Mwanamke hutumikia miezi 18 na mwanamume miezi 24, na gharama huchangiwa na yeye mwenyewe, familia yake na kanisa. Fedha ninazopewa kila mwezi ni za chakula na nauli, nazo huisha. Kwa hiyo, mjomba, sikukunyima, sina. Hata nchi ya kwenda sikuichagua mimi, maana wito ulikuja ukiwa umekwisha kuitaja.

Swali la vijana ni zito zaidi, kwa sababu najua wanachotarajia: kubatiza watu wengi na upesi. Tumesimuliwa sote jinsi wamisionari wa kwanza kutoka Marekani walivyofika Preston, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mnamo Julai 1837, na kabla ya mwezi huo kwisha wakabatiza watu tisa katika mto Ribble. Nilipata mafunzo yangu Chorley, karibu kabisa na Preston, kisha nikatumwa kwenye miji ya Yorkshire, ambako mambo hayaendi hivyo tena. Kwetu, hata mtu asiyeitaka dini yako atakukaribisha, atakupa kiti na chai, na ndipo akueleze kwa heshima kwamba yeye ana kanisa lake. Huku nyumba nyingi zina kengele yenye kamera. Mwenye nyumba hukutazama kwenye simu yake, pengine akiwa kazini, akakujibu kupitia kengele hiyo kwamba hahitaji, asante. Wengi wao ni wapole. Ila unaweza kumaliza zamu nzima ya Novemba, giza likiwa limeingia tangu saa kumi jioni, bila kuuona uso wa mtu. Baridi isiwatishe, kwa sababu koti zuri hutosha. Kinachochosha ni kuumaliza mtaa ukiwa na neno unaloamini kwa moyo wote kwamba lingemfaa mtu, na asipatikane wa kulisikiliza.

Hata hivyo, mlangoni sipo palipodai subira kubwa kuliko pote. Mmisionari haishi wala kutembea peke yake. Unapangiwa mwenza, mnaamka pamoja saa kumi na mbili na nusu, mnasoma, mnakula na kuhubiri pamoja, na rais wa misheni, yaani kiongozi wetu huku, ndiye anayeamua mtatenganishwa lini, kwa kawaida katika mabadiliko ya vituo na wenza yanayokuja kila baada ya wiki sita. Mmoja wa wenza wangu, msichana wa Kimarekani, hulisema papo hapo kila linalomuudhi, ilhali mimi nimelelewa kunyamaza, na mambo yakizidi, shangazi huitwa kusuluhisha. Hapa hakuna shangazi. Kuna utaratibu kwamba kila wiki wenza wawili waketi, waombe, na kila mmoja amweleze mwenzake yaliyo moyoni, na katika kikao kimoja aliniambia kwamba ukimya wangu humkosesha usingizi, akidhani nimemkasirikia. Tangu hapo mimi hujilazimisha kusema, naye hungoja bila kunikatiza hadi nimalize kuyapanga maneno yangu. Ni kazi ngumu kwetu sote wawili, na naiheshimu kuliko kubisha hodi.

Kisha kuna mama mmoja kutoka Kivu. Kati ya mwaka 2004 na 2020 Uingereza ilikuwa na mpango ulioitwa Gateway, ambao kwa huo wakimbizi wengi wa Kongo walihamishiwa katika miji kama Bradford, Hull na Sheffield, na mama huyu ni mmoja wao. Huja katika darasa la bure la Kiingereza ambalo sisi wamisionari hufundisha. Siku ya kwanza alitueleza wazi kwamba yeye ni Mkatoliki na atazikwa Mkatoliki. Kitabu cha Mormoni, kitabu kitakatifu cha kanisa letu, cha Kiswahili alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kando. Sisi huandika ripoti ya masomo ya injili tuliyofundisha kila wiki, na kumsaidia mama huyu kusoma barua za shule na za halmashauri ya mji hakumo humo. Tuliendelea naye. Leo anaisoma barua ya mwalimu wa mwanawe bila msaada, hutupikia sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, na huniita binti yake. Hajabatizwa, na sidhani kama atabatizwa. Mtu aliyekaa kambini Uganda miaka mingi akingoja jina lake lisomwe hawezi kuharakishwa nami, na saa nilizokaa naye sizihesabu kuwa hasara.

Yapo pia niliyoyakosa. Wazazi wangu waliweka akiba kwa miaka ili wafike katika hekalu la Johannesburg, maana hekalu kwetu ni mahali pa ibada takatifu zaidi, si kanisa la kila Jumapili, na Hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu mnamo Mei 2025 mimi nilikuwa huku. Nililia, siwafichi.

Mkiniuliza kama ningeukubali wito huu tena, ningeukubali leo. Lakini kijana anayetafuta njia ya kubaki Ulaya asijaze fomu za misheni, kwa maana miezi yake ikiisha atakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani, na hapa atakuwa amechukua nafasi katika maisha ya mwenza ambaye alihitaji mtu aliyekuja kutumikia.